Saa Iliyobeba Kipimajoto Chake

Tuseme kwamba zipo saa tatu za kawaida za kwatzi, zilizotoka katika kiwanda kimoja na kurekebishwa pamoja hata sekunde zake zikalingana. Ya kwanza inaachwa juu ya meza katika chumba chenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi. Ya pili inatiwa ndani ya jokofu, mahali penye nyuzi 5. Ya tatu inawekwa ndani ya sanduku lenye nyuzi 45, joto ambalo sanduku la bati lililoachwa juani hulifikia bila ya taabu. Baada ya siku 30 saa zote tatu zinakusanywa mezani na kusomwa. Je, zitasomeka vipi?

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza habari za kutanuka kwa vitu atajibu mara moja kwamba saa ya sandukuni itakuwa nyuma na ile ya jokofuni itakuwa mbele. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama saa hizo zingekuwa za pendulamu. Kwa saa za kwatzi si sahihi hata kidogo. Saa mbili zilizosafiri, ya baridi na ya joto, zote zitakuwa nyuma ya ile iliyobaki mezani, na tena kwa kiasi kile kile: takriban sekunde 35.

Tabia hiyo ya kushangaza ndiyo iliyowalazimisha wahandisi kuweka kipimajoto ndani ya saa yenyewe, na siyo kipimajoto cha zebaki wala cha kioo, bali kipimajoto kilichochongwa katika kipande kile kile cha silikoni kinachohesabu sekunde.

Ugomvi wa zamani

Ugomvi baina ya saa na joto ulianza kabla ya umeme. Ufito wa pendulamu uliotengenezwa kwa chuma cha pua hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila uzi mmoja wa joto, na kwa kuwa muda wa pendulamu hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake, saa huchelewa kwa nusu ya kiasi hicho. Joto likipanda nyuzi 10, saa hiyo hupoteza kama sekunde 5 kila siku. Kwa mtu wa nyumbani hilo ni jambo dogo; kwa mnajimu au baharia ni jambo kubwa.

Hata wakubwa wa sayansi walijikuta wakibishana juu ya jambo hili. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, karibu na Ikweta huko Amerika ya Kusini, akaona kwamba saa yake ya pendulamu, iliyokuwa sawa mjini Paris, ilichelewa kwa zaidi ya dakika 2 kwa siku. Je, ni joto la nchi za Ikweta lililourefusha ufito? Newton alilichunguza swali hilo akaonyesha kwamba joto halitoshi kueleza upungufu mkubwa kiasi hicho; sababu kubwa ilikuwa kwamba mvutano wa dunia ni mdogo zaidi penye Ikweta. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa darasani, maana kinaonyesha kwamba kosa la saa halisemi lenyewe limetoka wapi.

Katika miaka ya 1720 Mwingereza John Harrison alitengeneza pendulamu yenye fito za shaba ya manjano na za chuma cha pua zilizopangwa kwa kupokezana, hata kurefuka kwa fito za aina moja kukafutwa na kurefuka kwa fito za aina ya pili. Mwaka 1896 Charles Édouard Guillaume aligundua aloi ya chuma na nikeli iitwayo inva, ambayo karibu haitanuki kabisa katika joto la kawaida, na kazi yake juu ya aloi za namna hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Tuzo hiyo inaonyesha jinsi wapimaji wa zama zile walivyosumbuliwa na joto.

Uma wa kwatzi

Kwatzi ni madini ya silika, ndugu wa mchanga wa pwani. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua mjini Paris kwamba baadhi ya fuwele, kwatzi ikiwamo, hutoa umeme zinapobanwa. Jambo hilo hutokea pia kinyume chake: fuwele ikipewa umeme hujikunja kidogo. Kwa hiyo kipande cha kwatzi kilichounganishwa na saketi inayokisukuma kila kinaporudi huendelea kutetemeka bila kuchoka, kama mtoto katika pembea anayesukumwa kwa wakati wake. Mwaka 1927 Warren Marrison na J. W. Horton wa Bell Telephone Laboratories, Marekani, walitengeneza saa ya kwanza ya namna hiyo. Mtambo ule ulikuwa mkubwa, na fuwele yake ilitunzwa ndani ya tanuri dogo lililoshikilia joto lisibadilike.

Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkononi ya kwatzi iliyoitwa Astron, kwa bei ya yeni 450,000, ambayo ilikuwa bei ya motokaa ndogo. Fuwele yake ilitetemeka mara 8,192 kwa sekunde. Siku hizi saa ya kwatzi hununuliwa sokoni kwa bei ya chakula cha mchana.

Katika saa nyingi za leo fuwele hukatwa kwa umbo la uma wenye meno mawili, mfano wa ule unaogongwa na mwalimu wa muziki ili kupata sauti, ila huu ni mfupi kuliko punje ya mchele. Umewekwa ndani ya kopo lililotolewa hewa, nao hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Tarakimu hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15. Kwa hiyo saketi iliyo na hatua 15, kila hatua ikigawanya kwa 2, hutoa mpigo mmoja kamili kwa kila sekunde.

Neno “kwatzi” huandikwa kwa fahari katika uso wa saa, na wanunuzi wengi hulichukua kuwa hati ya usahihi. Hati hiyo ina sharti ambalo halikuandikwa.

Kilele cha nyuzi 25

Joto linapobadilika, mambo mawili hutokea ndani ya uma wa kwatzi. Vipimo vyake hubadilika, na ugumu wake wa kukunjika hubadilika pia. Moja linaweza kuharakisha mitetemo na la pili kuichelewesha. Fuwele ya kwatzi si sawa pande zote. Tabia zake hutegemea pembe ambayo mkataji ameifuata. Watengenezaji huichagua pembe hiyo hivi kwamba, karibu na nyuzi 25 za Sentigredi, athari hizo hupatana na mitetemo haibadiliki.

Lakini mapatano hayo ni ya mahali pamoja tu. Mwanafunzi na afikirie jiwe lililorushwa juu. Likifika kileleni, kwa kitambo kidogo halipandi wala halishuki. Kabla ya hapo lilikuwa chini ya kilele, na baada ya hapo litakuwa chini ya kilele vile vile. Uma wa kwatzi nao una kilele chake, na kilele hicho ndicho kasi yake kubwa kuliko zote. Ukienda upande wa joto utashuka, ukienda upande wa baridi utashuka. Hii ndiyo sababu saa za jokofuni na sandukuni zilichelewa pamoja.

Mchoro wake ni ule wa kidato cha tatu, yaani mchoro wa mlinganyo wa kipeo cha pili. Kwa uma wa kawaida, upungufu wa kasi ni takriban 0.034 ya sehemu moja katika milioni, ikizidishwa kwa mraba wa tofauti ya joto kutoka nyuzi 25. Penye nyuzi 35 tofauti ni 10, mraba wake ni 100, na upungufu ni sehemu 3.4 katika milioni. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa hupoteza karibu 0.3 ya sekunde kwa siku. Penye nyuzi 45, au penye nyuzi 5, tofauti ni 20 na mraba wake ni 400. Hasara inafika sekunde 1.2 kwa siku. Kuongeza tofauti maradufu kumezidisha hasara mara nne. Na ndani ya chombo kilichofungwa juani, ambamo joto hufika nyuzi 60, hasara ni sekunde 3.6 kwa siku.

Hapa pana faraja kwa wakazi wa pwani. Mjini Dar es Salaam au Mombasa, saa ya kwatzi iliyo ukutani huishi si mbali na kilele chake mchana na usiku, na mkononi mwa mtu vile vile, maana ngozi huipa joto la kadiri. Saa iyo hiyo ikipelekwa Nyanda za Juu za Kusini wakati wa baridi, ikaachwa dirishani usiku kucha, hushuka mteremko bila mwenyewe kujua.

Mtu aweza kuuliza: kuna haja gani ya kujisumbua, na hali simu hupokea saa sahihi kutoka kwenye mtandao na vyombo vingine kutoka kwenye setilaiti? Jibu ni kwamba vyombo vingi vinavyohitaji saa havina njia ya kuuliza, au haviwezi kumudu umeme wa kuuliza kila mara. Mita ya umeme inayotoza bei moja mchana na nyingine usiku hukaa miaka mingi ndani ya sanduku ukutani. Chombo kinachoandika kina cha mto hukaa ndani ya bomba la chuma kando ya maji. Mtambo unaorekodi matetemeko ya ardhi hauna maana yoyote bila saa, kwa kuwa mahali pa tetemeko hutafutwa kwa kulinganisha saa ambazo mawimbi yalifika katika vituo mbalimbali. Katika miamba ya chini, mawimbi ya kwanza huenda takriban kilomita 8 kwa sekunde moja; saa ya kituo ikikosea sekunde moja, hesabu ya umbali hukosea kilomita 8.

Silikoni kama kipimajoto

Namna moja ya kuondoa udhia ni ile ya Marrison: kuifungia fuwele ndani ya tanuri. Njia hii ingali ikitumika katika maabara na katika mitambo ya redio, nayo ni nzuri sana, lakini tanuri hula umeme mwingi. Betri bapa yenye ukubwa wa sarafu haiwezi kulilisha. Namna ya pili ni kukubali kwamba fuwele itayumba, kisha kupima joto lake na kuisahihisha. Kwa hiyo panahitajika kipimajoto kidogo, rahisi, kisichokula umeme.

Bahati njema, kipimajoto hicho kilikuwako tangu mwanzo ndani ya kila transista, ingawa kwa muda mrefu wahandisi walikihesabu kuwa kero. Umeme unapovuka kiungo cha transista ya silikoni huacha volteji ya 0.6 au 0.7 hivi, na volteji hiyo hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila uzi mmoja wa joto unaoongezeka. Redio zilizotengenezwa kwa transista ziliyumba kwa sababu hiyo, na mafundi wakaitafutia dawa. Kumbe kero ya mmoja ni chombo cha mwingine.

Hata hivyo volteji ya transista moja haiaminiki sana, kwa sababu hutofautiana kati ya transista na transista kwa jinsi ilivyotengenezwa. Hila nzuri ni kutumia mbili. Tuchukue transista mbili zilizochongwa ubavu kwa ubavu katika kipande kimoja cha silikoni, zikiwa za namna moja na katika joto moja, kisha tupitishe katika ya kwanza mkondo ulio mara 8 ya ule wa pili. Kila moja itatoa volteji yake, yenye makosa yake ya uzaliwa. Tukitoa moja kutoka kwa nyingine, makosa yale yaliyo sawa hufutana, na kinachobaki hutegemea mambo matatu tu: halijoto, uwiano wa mikondo, na namba mbili za maumbile, yaani namba ya Boltzmann na chaji ya elektroni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Namba ya Boltzmann ikigawanywa kwa chaji ya elektroni hutoa takriban mikrovolti 86 kwa kila uzi mmoja wa Kelvini. Logi ya asili ya 8 ni 2.08. Zikizidishwa pamoja hutoa mikrovolti 179 kwa kila uzi. Katika chumba chenye nyuzi 27 za Sentigredi, yaani Kelvini 300, tofauti ya volteji itakuwa kama milivolti 54. Jambo la kupendeza ni kwamba tofauti hii hulingana na halijoto halisi inayohesabiwa kutoka sifuri kamili, nyuzi 273 chini ya sifuri ya Sentigredi. Kipimajoto cha zebaki hakina habari ya sifuri hiyo. Yambidi mtu akichore mistari kwa kutumia barafu na maji yachemkayo. Jozi ya transista huijua bila kufundishwa.

Mbinu hii ilitumiwa kwanza kwa kusudi jingine: kupata volteji isiyobadilika kwa joto, kwa kujumlisha volteji inayopanda na ile inayoshuka. Robert Widlar na baadaye Paul Brokaw, ambaye alichapisha saketi yake maarufu mwaka 1974, waliieneza mbinu hiyo mpaka leo ni vigumu kuipata chipu ya kupimia isiyokuwa nayo. Kutoka hapo hadi kipimajoto ilikuwa hatua fupi: volteji inayopanda huchukuliwa peke yake, hukuzwa, kisha saketi nyingine huigeuza kuwa namba.

Kusahihisha

Chipu ya saa ambayo mwanafunzi wa elektroniki anaweza kuinunua kwa urahisi na kuichunguza ni ile iitwayo DS3231, iliyotokana na kampuni ya Dallas Semiconductor ya Texas na ambayo sasa ni mali ya Analog Devices. Ndani ya ganda lake mna uma wa kwatzi pamoja na silikoni yenye kipimajoto, vikiwa jirani kabisa. Ujirani huo ni wa lazima. Kama fuwele ingekuwa upande mmoja wa kibao cha saketi, na kipimajoto upande mwingine karibu na sehemu inayochemka, kipimajoto kingepima joto la jirani na kusahihisha ugonjwa usiokuwapo.

Kila baada ya sekunde 64 chipu hii huamka, hupima joto lake kwa hatua za robo ya uzi, na kutazama ni marekebisho gani yanayohitajika. Marekebisho hufanywa kwa kapasita ndogo sana zilizopangwa safu, kila moja ikiwa na swichi yake. Kapasita zinapoongezwa penye miguu ya fuwele, mitetemo hupungua kidogo, zinapoondolewa, huongezeka. Fuwele ikichelewa kwa sababu ya baridi au joto, baadhi ya kapasita huondolewa mpaka kasi irudi.

Kwa nini isipime daima? Sababu ni betri. Wakati wa kupima, chipu hutumia takriban mikroampea 500. Wakati wa kuhesabu sekunde tu, hutosheka na mikroampea 1 hivi. Betri ya sarafu ya kawaida ina uwezo wa milliampea 220 kwa saa moja. Upimaji usiokoma ungeimaliza kwa muda usiofika wiki 3. Lakini upimaji mmoja huchukua kama sehemu moja ya nane ya sekunde, na ukifanywa mara moja kwa kila sekunde 64, gharama yake yote ni sawa na mikroampea 1 nyingine. Tena joto la chumba halibadiliki kwa kishindo. Sekunde 64 ni muda mfupi kwa ukuta, hata kama ni mrefu kwa elektroni.

Saa nyingine za mkononi hufuata njia tofauti. Fuwele yake hukatwa makusudi iwe na haraka kidogo, kisha saketi huitupa baadhi ya mitetemo bila kuihesabu. Mtetemo mmoja ukitupwa kwa kila dakika, saa hupungua kasi kwa nusu ya sehemu moja katika milioni. Joto likikaribia kilele hutupwa mingi. Likienda mbali nacho, ambapo fuwele yenyewe imekwisha kuchelewa, hutupwa michache. Fuwele haiguswi, hubadilishwa hesabu tu.

Mambo haya hayakuanza na silikoni peke yake. Mwaka 1978 Seiko ilitoa saa zenye fuwele mbili, moja ikihesabu wakati na nyingine ikitumika kama kipimajoto. Na mwaka 2019 kampuni ya Citizen ilitoa saa ya mkononi inayoahidiwa kukosea sekunde 1 tu kwa mwaka. Fuwele yake hutetemeka zaidi ya mara milioni 8 kwa sekunde, nayo hupima joto mara moja kwa kila dakika.

Kuhusu DS3231 mna jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa kasoro. Watengenezaji wake wanakubali kwamba kipimajoto chake kinaweza kukosea nyuzi 3, lakini papo hapo wanaahidi kwamba kati ya nyuzi 0 na nyuzi 40 saa haitakosea zaidi ya sehemu 2 katika milioni. Kipimajoto kibaya kimezaaje saa nzuri? Turudi kwenye hesabu. Penye nyuzi 40 mteremko wa mchoro ni takriban sehemu 1 katika milioni kwa kila uzi. Kosa la nyuzi 3 lingeleta kosa la sehemu 3, na ahadi ingevunjwa. Fumbo hufumbuka tukikumbuka kwamba chipu hurekebishwa kiwandani, na marekebisho hufungamanishwa na namba ambazo kipimajoto chake chenyewe hutoa. Kipimajoto kikisema 42 penye nyuzi 40, hakuna madhara, mradi kesho na mwaka kesho kiseme tena 42 penye nyuzi 40. Saa haihitaji kipimajoto kisemacho kweli. Inahitaji kipimajoto kisichobadili usemi.

Kosa la sehemu 2 katika milioni, likidumu upande mmoja, ni takriban sekunde 63 kwa mwaka. Saa ya kwatzi isiyo na msaada, ikikaa sandukuni penye nyuzi 45, ingepoteza zaidi ya dakika 7 katika muda huo. Kuna kosa ambalo kipimajoto hakiwezi kulitibu, nalo ni uzee. Fuwele hubadilika polepole kadiri miaka inavyopita, na katika mwaka wa kwanza badiliko hilo laweza kufika sehemu 1 katika milioni. Ndani ya chipu imeachwa nafasi ya kuandika namba ya kurekebisha uzee, lakini namba yenyewe lazima ipatikane nje, kwa kuilinganisha saa hiyo na saa iliyo bora zaidi.

Mwalimu mwenye chipu hii na kompyuta ndogo anaweza kuisoma namba ya joto moja kwa moja. Akiwa na chipu nyingine ya aina ya DS1307, ambayo hutumia uma wa kwatzi bila kipimajoto chochote, ataweza kuziweka mbili pamoja ndani ya kisanduku cheusi dirishani, kisha ndani ya jokofu, na kuzilinganisha na saa ya setilaiti kila wiki. Wiki mbili zinatosha mchoro kuanza kuonekana.

Chini ya bahari

Mahali ambapo kipimajoto cha silikoni hakitoshi ni sakafu ya bahari. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani waliteremsha mitambo 57 ya kupima matetemeko katika Bahari ya Hindi, kuzunguka kisiwa cha Réunion, ili kutazama miamba iliyo chini ya volkano ya kisiwa hicho. Mitambo ya namna hii huachwa chini kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mawimbi ya setilaiti hayapenyi maji, kwa hiyo saa hurekebishwa mara ya mwisho juu ya sitaha ya meli, penye joto la nchi za tropiki, kisha mtambo huzama kilomita kadhaa hadi penye maji ya nyuzi 2 au 3. Uma wa kwatzi usio na msaada ungechelewa huko kwa sekunde 1.5 kila siku, na kwa mwaka ungefika dakika 9. Hata kosa la sekunde 63 ni kilomita 500 za mwendo wa wimbi. Mtafiti hawezi kufanya lolote nalo.

Kwa kazi hiyo hutumika fuwele za namna nyingine, na baadhi yake zina ufundi unaostahili kusimuliwa. Udhaifu wa kipimajoto cha silikoni ni kwamba hupima joto la silikoni, si la fuwele. Baina yao mna kopo na pengo lisilo na hewa, na joto huchelewa kupita. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara za jeshi la Marekani huko Fort Monmouth waliifanya fuwele ijipime yenyewe. Fuwele iliyokatwa kwa pembe maalumu huweza kutetemeka kwa namna mbili kwa wakati mmoja: kwa mtetemo wake wa msingi, na kwa mtetemo wa juu ulio karibu mara tatu ya ule wa msingi. Karibu, lakini si sawasawa. Mitetemo ya msingi ikizidishwa kwa 3 na kulinganishwa na ile ya juu, hubaki tofauti ndogo, na tofauti hiyo hubadilika na joto kwa mstari karibu ulionyoka. Kompyuta ndogo huisoma tofauti, na hivyo hulijua joto la fuwele ile ile inayohesabu sekunde, bila kuchelewa na bila kukisia. Kosa la saa ya namna hiyo huweza kushuka hadi sekunde 1 hivi kwa mwaka.

Hiyo sekunde 1 nayo hutafutwa. Mtambo unapoibuka na kuokotwa na meli, kazi moja ya kwanza ni kuilinganisha saa yake na setilaiti kabla betri haijakatika. Tofauti inayopatikana hugawanywa sawasawa katika siku zote ilizokaa chini, na mgawanyo huo una haki kwa sababu sakafu ya bahari karibu haijui mchana wala usiku, kiangazi wala masika. Katika safari ile ya Réunion baadhi ya mitambo iliibuka saa zake zikiwa zimekwisha kusimama, pasiwe na kitu cha kulinganisha. Watafiti walilazimika kuyatafuta makosa yake kwa njia ndefu, kwa kusoma mngurumo usiokoma ambao mawimbi ya bahari huutia ardhini, na kupima jinsi mngurumo huo ulivyopita kutoka mtambo hadi mtambo, siku baada ya siku, kwa miezi yote waliyokuwa chini.